Kanda Hizi Zinahitaji Masikio: Wanafunzi na Hifadhi ya Historia Simulizi

Ndugu wakutubi, walimu wenzangu, na hasa ninyi wanafunzi mlioketi huko nyuma, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Wengi hudhani kuhifadhi mahojiano ya zamani ni kuhamisha sauti kutoka kwenye kaseti kwenda kwenye kompyuta, basi. Kuhamisha kwenyewe kuna haraka yake. Utepe wa sumaku ni plastiki iliyopakwa oksidi ya chuma kwa gundi, na baadhi ya gundi hizo hunyonya unyevu hadi utepe ukaanza kunata na kubanduka. Mashine nazo hazitengenezwi tena kama zamani, vipuri vimeadimika, mafundi wanastaafu. Mwaka 2019 UNESCO ilianzisha mradi mahususi wa kuitahadharisha dunia juu ya kanda hizi.

Kwa hiyo mwanafunzi anayesaidia maktaba kuhamisha kanda anavunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, asije mtu akarekodi juu yake. Anasafisha kichwa cha mashine, anabonyeza, anasubiri. Kaseti ya dakika 60 inataka dakika 60. Kwa ubora wa juu wa kidijitali, yaani biti 24 na kilohezi 96, saa moja ya stirio hutoa faili la gigabaiti 2 hivi.

Kazi yenyewe inaanza pale anapovaa spika za masikioni na kuanza kunukuu, yaani kuandika anachosikia neno kwa neno. Chukueni mfano wa mama anayeulizwa mumewe alirudi lini kutoka vitani. Ananyamaza. Anakohoa kidogo. Kisha anasema, “Alirudi.” Mwanafunzi aandike nini? Akiandika neno hilo peke yake, mtafiti wa kesho atadhani swali limejibiwa, kumbe lilikwepwa, na kule kukwepa ndiyo habari. Ndiyo maana nasisitiza: andikeni kimya, andikeni kigugumizi, wala msimsanifishie mzee lahaja yake.

Mwanahistoria Mmarekani Allan Nevins alipoanzisha kazi hii ya kurekodi historia simulizi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1948, maandishi ndiyo yaliyohesabiwa kuwa kumbukumbu, na katika miaka ya mwanzo kanda nyingi zilifutwa zikatumiwa tena. Tumebaki na karatasi. Nikifikiria sauti zilizopotea kwa namna hiyo, roho inaniuma.

Kuna na suala la ridhaa. Mtu aliyekubali kuhojiwa miaka ya 1970 alimkubalia mtafiti aliyeketi mbele yake, intaneti hakuijua. Huenda alimtaja jirani kwa ubaya, au alisema jambo ambalo wanawe hawajawahi kulisikia. Mwanafunzi anayesikiliza ndiye wa kwanza kuligundua, kwa hiyo apewe mamlaka ya kusimamisha faili lisiwekwe hadharani mpaka familia itafutwe na iulizwe. Likikaa mwaka mzima likisubiri, na likae.

Ombi langu kwa maktaba ni hili. Katika maelezo ya kila mahojiano, pamoja na jina la msimuliaji na la aliyemhoji, andikeni pia jina la mwanafunzi aliyenukuu, tarehe aliyomaliza, na dakika zile ambazo hakusikia vizuri. Atakayekuja baadaye ajue nani alisikiliza kabla yake, na aanzie wapi kusikiliza upya.