Kwa Nini Sitaji Saa Kamili ya Kupika Makande

Ndugu zangu wa Iringa na Njombe, kamwene, na ninyi wa Rungwe, ugonile. Swali linalonifikia chini ya karibu kila video ninayoweka ni hili: kwa nini ninapopika makande sisemi yakae jikoni kwa muda gani, na kwa nini mtu anayeishi Uingereza aendelee kuonyesha makande badala ya vyakula vya huku. Wapo wanaoongeza kwamba jiko la umeme linaloonekana nyuma yangu ni la kuwaringishia, na wapo wanaosema kwamba nikigusia gharama ninalialia ilhali niko Ulaya. Nitajibu yote pamoja, kwa sababu naamini kwamba kumpa mtu mapishi ambayo hawezi kuyapika kwa vitu alivyonavyo ni sawa na kumnyima.

Kuhusu fedha nitasema waziwazi. Watu wengi wenye viza ya kazi hapa, ukiwaacha wa sekta ya afya ambao wamesamehewa, hulipa ada ya huduma ya afya ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, nayo hudaiwa kwa mkupuo pale mtu anapoomba viza, juu ya ada ya viza yenyewe. Anayeombea miaka mitatu anatoa pauni 3,105 kabla hajajua kama ombi lake litakubaliwa. Sisemi haya ili nihurumiwe, maana najua bei ya gunia la mkaa huko nyumbani. Ninaeleza tu kwamba ninapika mahindi na maharage makavu kwa sababu yananishibisha na yananiachia kitu mfukoni, na pia kwa sababu ninayapenda.

Tena, vitu vya nyumbani havifiki kirahisi kama wengi mnavyodhani. Mama yangu mkubwa aliwahi kunitumia karanga na unga wa ulezi. Fomu ya forodha ilirudishwa ijazwe upya kwa sababu kuandika "vyakula" peke yake hakukutosha, gharama ya kutuma ikazidi thamani ya karanga zenyewe, na mzigo ulipofika nikadaiwa ada nyingine ya kuushughulikia kabla ya kukabidhiwa. Siku zile nikihangaikia makaratasi hayo, ndugu mmoja alieneza maneno kwamba nimeuacha mzigo wa mama ulale ghalani kwa dharau, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Tangu wakati huo ninatumia karanga za duka la hapa, ninazikaanga na kuzisaga mwenyewe, na makande hayana kasoro.

Sasa nije kwenye saa. Mji ninaoishi uko karibu na usawa wa bahari, na maji yangu huchemka kwenye nyuzijoto 100. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, na kwa wale wa Kitulo, penye zaidi ya mita 2,600, hushuka hadi karibu 91. Mkiongeza kuni, maji yatatokota kwa fujo na kukauka haraka, lakini joto lake halitapanda, kwa hiyo maharage yaliyoiva kwangu yatakuwa bado magumu kwenu. Anayepika Kyela, chini kule ziwani, anakaribiana nami kuliko anavyokaribiana na jirani yake wa Tukuyu. Sufuria ya presha ndiyo huondoa tofauti hiyo kwa sehemu kubwa, kwa kuwa hulizidisha joto la maji. Asiyekuwa nayo aloweke usiku kucha, afunike sufuria, aweke moto wa wastani, kisha abonyeze punje kwa vidole: ikipondeka hadi katikati bila kiini kigumu, imeiva.

Kwa vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa ninaweka kikombe kimoja cha maharage, na kikombe hicho kinaweza kuwa bakuli au kopo, mradi kisibadilike. Maji ya kulowekea ninayamwaga. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huwaumiza watu tumbo, na kinachoiondoa ni kuchemka kwelikweli kwa angalau dakika kumi, basi asiwepo anayeyaweka kwenye joto la chini tangu mwanzo akitegemea yataiva polepole. Nyanya ninazitia punje zikishalainika, kwani ukali wake huzuia ganda kulainika. Nadhani nusu ya malalamiko ya maharage yasiyoiva yangekwisha kwa kubadilisha hatua hiyo moja. Karanga zilizosagwa ninazikoroga kwanza kwa maji ya vuguvugu hadi ziwe uji laini, nazimimina mwishoni moto ukiwa mdogo, na mwiko hautoki mkononi kwa sababu hushika chini upesi sana.

Asiyekuwa na karanga, au ambaye mwili wake unazikataa, atumie tui la nazi au mafuta kidogo na kitunguu, na parachichi lililoiva pembeni litafidia ule ulaini. Viazi vya Uporoto vinaingia vizuri dakika za mwisho, na majani ya maboga pia. Mimi hupunguza chumvi kwa sababu zangu za kiafya. Hilo ni langu, kila mtu aangalie mwili wake na mfuko wake.

Yanayobaki ninayaweka kwenye friji yakishapoa, na kesho yake ninayakaanga kwa kitunguu hadi punje zianze kukauka pembeni. Asiyekuwa na friji apunguze mahindi na maharage kwa uwiano uleule, apike ya kumalizika siku hiyohiyo.