Awamu Sawa Zinaua Mkopo wa Utalii

Naomba mchukue kalamu, maana hili nimelisema mara nyingi na bado ratiba zenu za marejesho ya mikopo ya utalii ni zilezile: awamu 12, zote sawa, kana kwamba nyumba ya wageni inapokea mshahara.

Tuchukue mfano, kwa fedha yoyote mtakayo: nyumba ndogo ina msimu wa wageni wa miezi 4. Ukishatoa gharama za kumhudumia mgeni, inabakiwa na 18 kila mwezi wa msimu na 3 kila mwezi wa ukame wa wageni. Mishahara, umeme na bima vinakula 5 kila mwezi, wageni wawepo wasiwepo. Kwa mwaka inasalia 36, marejesho ni 24. Afisa mikopo anagawanya 36 kwa 24, anapata 1.5, anaona fedha inazidi deni, anasaini. Sasa wekeni awamu ya 2 kila mwezi. Miezi 8 ya ukame, 3 toa 5 toa 2: pungufu 4 kila mwezi, jumla 32. Mkopo chechefu huo, yaani usiolipika, tumeufinyanga wenyewe.

Ratiba ikifuata msimu, analipa 5 kila mwezi wa msimu na 0.5 kila mwezi wa ukame. Jumla ni 24 ileile, ila pengo linashuka hadi 20. Mwezi wa msimu unambakizia 8. Kati ya hizo, 5 zinakatwa kwenda akaunti ya akiba, na pengo limezibwa. Najua kuna anayetaka kusema mkopaji atazila. Nimesema zinakatwa, sikusema anaombwa! Na anayesema kompyuta haikubali awamu zisizo sawa awaulize wenzake wa mikopo ya kilimo wanaosubiri mavuno.

Mtego upo. Mkopaji anayedaiwa 0.5 tu ataonekana msafi miezi 8, hata akiwa anazama. Kuhesabu siku 30 za kuchelewa, kama IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayogusa mikopo, inavyowazoesha, hapa kunawachelewesha. Kila mwezi ombeni buking za siku 90 zijazo, mzilinganishe na za tarehe kama hiyo mwaka jana. Kianzio cha mgeni, fedha anayoitanguliza, msikiite mapato: ni deni mpaka mgeni alale, akighairi huenda kikarudishwa. Kikae kwenye akaunti ya peke yake.

Mkopo wa ukarabati utoke msimu unapoisha. Ukichelewa, mafundi watakuwa vyumbani wageni wakiwa mlangoni.

Dhamana naipitia mbio, mwenyekiti anatazama saa. Wageni wakikatika, bei ya nyumba inashuka pamoja na uwezo wa kulipa, na kwa wakopaji wote kwa mpigo; 2020 mliona. Punguzeni thamani mnayoihesabu, wekeni ukomo wa mikopo kwa sekta nzima. Bima tuiache kwenye maswali.