Ukuta Unaotoka Jasho

Assalamu alaykum. Wazee wangu, kina mama, vijana mliokaa huko nyuma. Mwenyekiti kanipa nusu saa na mada pana: mila na maisha ya kisasa. Mila zote siziwezi. Mimi ni mwashi, umri wangu umekwisha ndani ya kuta za Mji Mkongwe, kwa hiyo nitasema habari za kuta. Walionisikia zamani wanajua ninakokwenda. Ninarudia kwa sababu wiki iliyopita nimepita kichochoroni nikaona mifuko ya saruji imepangwa mlangoni mwa nyumba ya mawe, na fundi kijana yuko juu ya jukwaa anabandua lipu ya chokaa kwa patasi. Niliumia moyo.

Nianze na nyumba ya shangazi yangu, Malindi, mtaa wetu wa hapa Mji Mkongwe, Unguja. Ghorofa mbili, kuta zake unene wa dhiraa moja na ushei. Mwanawe aliyeko Muscat alituma pesa: mama, kuna harusi ya mdogo wangu, nyumba ipendeze. Nia njema kabisa. Fundi akabandua lipu yote kongwe, ndani na nje, akapiga saruji. Siku ya harusi ukuta ulikuwa laini kama yai. Wageni wakasifu, nami nilikuwa kijana, nikasifu.

Masika ya kwanza yakapita salama. Masika ya pili rangi ikatoka malengelenge, kwanza karibu na sakafu, kisha ikapanda mpaka kimo cha kiuno. Ukiweka kiganja, ukuta unatoka jasho. Chumba kikawa na uvundo, kanga zikaota ukungu kabatini. Shangazi akamwita fundi. Fundi akasema lipu ilikuwa nyembamba, akaongeza saruji juu ya saruji. Nisikilizeni vizuri hapo: ugonjwa ni ule ule, na dawa iliyoletwa ni ule ugonjwa.

Mwaka wa nne, usiku, shangazi kalala, akasikia juu ya dari, ta! Vumbi likamwagikia chandarua. Tukahamisha watu usiku ule ule. Asubuhi tukaweka ngazi, tukatoboa pale boriti inapoingia ukutani, nikatia kidole. Boriti ya mkoko, ambayo katikati yake msumari ulikuwa haupiti, kichwani ilimomonyoka kama boflo lililotiwa chai. Nikaenda ya pili, ya tatu. Saba mfululizo, zote za ukuta mmoja, ule unaopigwa na mvua. Nilikaa juu ya ngazi ile na uozo mkononi, na chini shangazi ananiuliza, "Mwanangu, kuna nini?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa sijui kwa nini. Kujua kwa nini ndiyo kazi yangu tangu siku ile.

Kwa nini basi? Ukuta wa mawe, udongo na chokaa unakunywa maji, na wazee walilijua hilo. Walijenga ukuta unaokunywa na kutema. Mvua ikipiga, unyevu unaingia. Jua likitoka, kaskazi ikivuma, unyevu unatoka. Chokaa ndiyo pua ya ukuta. Ukipiga saruji pande zote mbili umeiziba. Maji lakini hayaachi kuingia: yanapanda kutoka ardhini, yanapenya penye ufa, yanavuja kwenye bomba la choo kipya mlichopandisha ghorofani. Yakishaingia hayana pa kutokea. Yanazunguka humo na chumvi yake mpaka yaikute boriti, na boriti ikikaa majini kwa miaka haiponi.

Na hiyo chokaa si tope la kimaskini, kama wanavyoiona wengine. Jiwe la matumbawe linachomwa tanurini, hewa iliyomo inatoka, jiwe linabaki jepesi. Ukilimwagia maji, na huko ndiko kuizima chokaa, linachemka lenyewe, bila moto, linapasuka na kuwa uji. Uji ule unatiwa shimoni, unafunikwa, unakaa wiki kadhaa, na ukikaa zaidi unazidi uzuri. Ukishapigwa ukutani unavuta hewa ile ile iliyotoka tanurini, polepole, mpaka unarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo anayekwambia chokaa haina nguvu, mwulize aliipa muda gani. Ukuta ukitikisika kidogo nayo inakwenda kidogo pamoja nao. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake. Haikubali, inapasuka, na kwenye ufa ule maji yanaingia kama mgeni aliyefunguliwa mlango.

Najua kuna kijana anasema moyoni: mzee huyu anataka tuishi ndani ya makumbusho, tuchote maji kisimani, tulale gizani. Hapana, mwanangu. Mji huu haujakataa kipya hata siku moja. Sultani Barghash ndiye aliyeleta maji ya bomba kutoka chemchemi za huko Bububu mpaka mjini. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib kwa nguzo za chuma zilizotoka ng'ambo, na baadaye nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwanzo Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Watu wakaiita ya maajabu kwa upya wake. Mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 ilibomoa jumba la jirani, hiyo ikabaki. Kisha tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ikaanguka. Ilikuwa imefungwa kwa ubovu tangu 2012, na kazi ya kuitengeneza ilikuwa inaendelea. Watu wawili walifariki. Mungu awarehemu. Mimi nilikwenda siku ile nikasimama Forodhani, na watu wazima walikuwa wanalia.

Kwa hiyo umeme tia, choo cha ndani tia, kiyoyozi tia. Lakini mfereji wa maji ya kiyoyozi uutoe nje ya ukuta, usiyaache yachuruzike kwenye lipu. Bomba lipite mahali fundi anapoweza kuliona. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima; kabla hujalipandisha darini, uliza boriti zilizo chini yake zina hali gani. Chumba cha kale kwa kawaida hakizidi kama mita tatu upana, na wapo wanaobomoa ukuta wa kati ili wapate sebule kubwa ya televisheni. Upana ule haukuwekwa kwa ubahili. Ni urefu wa boriti ya mkoko iliyokuwa ikija na majahazi kutoka Rufiji. Ukiutoa ukuta, ghorofa ya juu umeiegemeza wapi?

Sina ugomvi na saruji. Ukijenga Chukwani au Fumba kwa matofali, jenga kwa saruji, na mimi nitakuja kukusaidia kupima pembe. Na anayesema tanuri linakula kuni ana haki, linakula. Ndiyo maana chokaa tulionayo twende nayo kwenye nyumba zinazoihitaji, tusiimalize kwa kupaka mapambo ya hoteli.

Mwenyekiti ananionesha saa. Nilitaka kusema habari za milango ya nakshi inayong'olewa na kuuzwa, na za baraza zinazozibwa kwa maduka mpaka wazee hawana pa kukaa jioni. Hayo mtayasikia kwa mwingine. Moja tu la haraka: zamani sakafu ya juu ilipigwa kwa vipande, vile virungu vya mti vya kushindilia, watu wamepanga safu, wanaimba, wanapiga kwa mdundo mmoja siku baada ya siku mpaka chokaa inashikamana. Waliobaki wanaozijua nyimbo hizo nawahesabu kwa vidole, na wote ni wakubwa kuliko mimi.

Tuna shimo la chokaa tulilozima tangu mwezi mtukufu. Jumamosi baada ya alfajiri tunalifunua, na kuna ukuta mmoja Malindi unaongoja lipu. Ndiyo, ni nyumba ile ile. Shangazi yupo, ana miaka zaidi ya tisini, na atawapikia. Njooni na nguo mbovu, na kila mtu afunike macho, kwani chokaa inachoma. Vijana wa nyuma, nitawangoja.