Jibini Inayovuma: Sitiari Katika Kiingereza cha Watu Wasio Waingereza

Waheshimiwa walimu wenzangu, baba zetu na mama zetu mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza, na ninyi vijana mliosimama hadi mlangoni, nitaanza na simu moja.

Mwaka 1996 mtafiti Alan Firth alichapisha uchambuzi wa mazungumzo ya simu ambamo wafanyabiashara wa Denmark walikuwa wakizungumza Kiingereza na wateja wao wa ng'ambo, hali Kiingereza hakikuwa lugha ya mama kwa upande wowote. Katika mojawapo ya simu hizo mnunuzi analalamika kwamba jibini iliyokwama forodhani "inavuma", kwa neno lile lile ambalo Waingereza hulitumia kwa upepo. Muuzaji anaitikia kana kwamba ameelewa, na maongezi yanasonga mbele. Lakini mnunuzi anapomtaka ushauri, wafanye nini na jibini yote hiyo inayovuma, muuzaji hana tena pa kujificha. Anakiri kwamba neno hilo hakulielewa, na anauliza kama maana yake ni kwamba jibini ni kubwa mno. Anajibiwa kuwa la, imeharibika, ni kama imechacha katika vyumba vya baridi vya forodha. Hapo wote wawili wanaelewana, na biashara inaendelea.

Tabia ile ya kwanza, ya kuitikia neno usilolielewa ukitumaini kwamba mbele litajifafanua lenyewe, Firth aliieleza kama kanuni ya kuacha jambo lipite. Yeyote aliyewahi kukaa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo yetu na Zambia, kati ya mawakala wa forodha na madereva wa malori wanaotoka Zambia na Afrika Kusini anaijua itikio hiyo, na pengine ameitoa mwenyewe. Ni busara ya kikazi, kwa kuwa maneno mengi yasiyoeleweka hayana uzito wa kutosha kusimamisha mazungumzo, na mtu huuliza pale tu mali yake inapokuwa hatarini. Niseme pia, kwa kupita, kwamba mnunuzi yule hakukosea: wataalamu wa maziwa hutumia neno hilo hilo kwa jibini inayovimba kwa gesi. Sitiari ilikuwa ya ufundi, iliyokwisha kuzoeleka kwa wenye kazi hiyo, na ilikwama kwa sababu haikuwa ya wote wawili.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba sitiari ni pambo la washairi. George Lakoff na Mark Johnson walipinga wazo hilo mwaka 1980, wakadai kwamba tunafikiri kwa sitiari hata tunapozungumza mambo ya kila siku, na Kiswahili kinawaunga mkono bila taabu: hoja tunaijenga, hasira inawaka, na mtu aliyeishi miaka mingi amekula chumvi nyingi. Ugumu huanza sitiari hizo zinapovuka mpaka. Kwa Mswahili, mwenye moyo mzito ni mtu anayesitasita. Mwingereza akisema moyo wake ni mzito, ana huzuni. Picha ni moja, nao kila mmoja ataondoka akiamini kwamba amemwelewa mwenzake, na hili ni baya kuliko jibini inayovuma, kwa kuwa hakuna atakayeuliza.

Je, wageni wanaozungumza Kiingereza wao kwa wao huepuka sitiari kwa hofu hiyo? Hivyo ndivyo ilivyodhaniwa, kwamba lingua franka, yaani lugha inayowaunganisha watu wasio na lugha ya mama moja, ni lugha kavu, ya bei na tarehe tu. Chuo Kikuu cha Vienna, chini ya Barbara Seidlhofer, kilikusanya takriban maneno milioni moja ya mazungumzo halisi ya namna hiyo na kuyatoa hadharani mwaka 2009. Wazungumzaji, wengi wao wa Ulaya, walikuwa na lugha za kwanza takriban 50. Katika hazina hiyo Marie-Luise Pitzl alikuta mtu akiwaambia wenzake kwamba wasiwaamshe mbwa wowote. Waingereza husema mbwa waliolala waachwe walale, na kwao msemo huo umezoeleka kiasi kwamba hakuna anayemwona mbwa tena. Mgeni, kwa kuubadilisha, aliwarudisha mbwa ukumbini. Pitzl anaeleza kwamba nahau inapovunjwa umbo lake sitiari iliyolala ndani yake huamka, na msikilizaji anaielewa kwa kuitazama picha, hata kama hajawahi kukariri msemo wenyewe. Sisi tunaosema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe, tungemwelewa upesi, ingawa onyo letu lina shabaha nyingine.

Kinachovuruga mazungumzo zaidi ni kinyume chake, yaani yule aliyekariri nahau za Waingereza barabara na kuzimwaga mbele ya watu wasiozijua. Seidlhofer ameichambua hali hiyo ya nahau ya upande mmoja, na binafsi naiona ni ukosefu wa adabu uliovaa suti. Wenye lugha wenyewe hawajasalimika. Kuweka hati mezani, kwa Mwingereza, ni kuileta ijadiliwe, na kwa Mmarekani ni kuiweka kando. Winston Churchill alisimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo kabla ya kugundua kwamba walitaka kitu kimoja.

Hapa Lubumbashi hatuhitaji kwenda Vienna ili kuyaona haya. Kampuni ya madini ya Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, na mji huu mwaka 1910, wafanyakazi walitoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na hata Ruanda-Urundi, na Kiswahili kilichowaunganisha migodini kilikuwa mbali sana na pwani, bila mwenyewe wa kukisimamia. Kila mmoja alikuja na picha zake. Kwa Waluba, anayerithi utawala "anakula" ufalme, na ni heshima. Fikirieni mzee akiipeleka picha hiyo katika Kiswahili mbele ya mtu wa Dar es Salaam, ambaye akisikia kiongozi amekula anawaza rushwa. Nani arekebishwe hapo? Mimi nasema hakuna. Aulizwe tu anakula nini.

Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mkataba wa Jumuiya, katika kifungu cha 137 kama ulivyotiwa saini mwaka 1999, ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lingua franka ya kuendelezwa. Vijana wananiuliza wanunue kitabu gani cha nahau za Kiingereza. Fedha hiyo ningeitumia kununua kinasa sauti. Kuanzia muhula huu kundi letu litarekodi, kwa idhini ya wahusika, maongezi ya madereva na mawakala kwenye barabara ya Kasumbalesa, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kazi ya kwanza itakuwa kuweka alama kila mahali mtu alipoitikia kisha baadaye akalazimika kuuliza. Wanaotaka kushiriki wabaki ukumbini baada ya maswali.