Je, ukiacha wanga saratani inakufa njaa?

Haya tuanze, waliokaa nyuma mnanisikia? Sawa. Mada ya leo najua inagusa wengi, manake karibu kila mtu ana ndugu au jirani aliyeambiwa ana saratani, na kabla hata hajaanza matibabu simu imeshajaa video zinasema acha sukari, acha wanga, uvimbe utakufa njaa wenyewe. Mi sitawaambia ni uongo mtupu. Kuna ukweli ndani yake, tena mwingi tu, na ndo maana watu wenye akili zao timamu wanaingia kichwa kichwa.

Habari yenyewe inaanzia kwa Mjerumani mmoja, Otto Warburg, miaka ya 1920. Huyu aliona kwamba uvimbe unameza glukosi, yani sukari ya kwenye damu, kwa fujo halafu unaigeuza kuwa asidi ya laktiki hata pale oksijeni ipo ya kutosha. Seli ya kawaida ikiwa na oksijeni inaichoma glukosi mpaka mwisho na molekuli moja inaipa ATP, yani vipande vya nishati, kama 30 hivi, wakati ile njia ya kuchachusha kuwa asidi ya laktiki inatoa 2 tu, sasa mbona seli ya saratani inang'ang'ania njia ya hasara? Warburg alidhani mitokondria zake, yani vinu vya nishati vya seli, zimeharibika. Hapo hakupatia, kwenye saratani nyingi mitokondria zinapiga kazi kama kawaida, na maelezo yanayokubalika zaidi siku hizi ni kwamba seli inayogawanyika mbio mbio inataka malighafi za kujenga seli mpya, na glukosi ikipitishwa njia ile inazitoa. Halafu mtasikia eti alipewa Nobel kwa kugundua chanzo cha saratani, hapana, ile ya 1931 ilikuwa ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli.

Ulafi huo wa glukosi madaktari wanautumia kila siku. Aliyewahi kupigwa PET skani, kile kipimo cha picha ya mwili, anajua, unaambiwa usile masaa kadhaa, unachomwa glukosi iliyofungwa fluorini-18 ambayo mionzi yake inapungua nusu kila dakika 110, kisha kwenye picha uvimbe unang'aa. Watu wakiiona ile picha wanasema si mnaona, unakula sukari! Ni kweli unakula, ila angalieni picha hiyo hiyo vizuri, ubongo nao unang'aa, na kuna wakati moyo pia.

Sasa tuje kwenye kuinyima chakula. Tuseme leo umeacha wanga wote, hakuna nafaka, hakuna viazi, hakuna tunda tamu. Kesho asubuhi ukipima damu utakuta sukari ipo palepale, miligramu 70 mpaka 100 kwa desilita, au chini kidogo tu ya hapo. Imetoka wapi? Ini limeitengeneza. Kwanza linatoa akiba yake, akiba ikiisha linaanza kujenga glukosi kutoka kwenye protini, kutoka kwenye gliseroli ya mafuta, mpaka hiyo asidi ya laktiki ambayo uvimbe umeitema linairudisha kuwa sukari, yani ini linaokota makapi ya uvimbe na kuupikia upya! Mwili hauwezi kukubali sukari ifike sifuri, ungekufa wewe kwanza. Na kuna uvimbe unaotumia glutamini, kipande cha protini, mwingine unachoma mafuta, kwahiyo ukifunga mlango huu unapita mwingine.

Kwahiyo mimi swali la sukari huwa naliweka pembeni, nauliza insulini ikoje. Hapa naomba mtulie kidogo kwa sababu ndo penye utamu.

Insulini kazi yake haiishii kuingiza sukari kwenye seli, inaziambia pia seli kueni. Ndani ya seli ujumbe huo unapita kwenye kimeng'enya kinaitwa PI3K, na kwenye saratani nyingi jeni yake imeharibika ikabaki imewaka muda wote. Wakatengeneza dawa za kuizima, na mojawapo, alpelisib, ilipitishwa Marekani 2019 kwa aina fulani ya saratani ya matiti. Tatizo ni kwamba ukizima PI3K unazima na kazi ya insulini mwili mzima, sukari inapanda, kongosho linashtuka linamwaga insulini kibao, na insulini hiyo inaenda kuiwasha tena PI3K kwenye uvimbe. Dawa inajichimbia kaburi. Mwaka 2018 timu ya Lewis Cantley, ambaye ni mmoja wa walioigundua PI3K yenyewe, wakawapa panya dawa pamoja na chakula cha keto, yani mafuta mengi na wanga kidogo sana, insulini ikabaki chini na dawa ikafanya kazi vizuri zaidi.

Mkisikia hivo mnataka kupiga makofi, ila subirini. Kwenye utafiti uleule panya wenye lukemia, saratani ya damu, waliopewa keto peke yake bila dawa, ugonjwa ulikimbia zaidi. Na 2015 watafiti wengine walionyesha kwamba melanoma, saratani ya ngozi, yenye jeni iliyobadilika ya BRAF inastawi kwa asetoasetati, aina ya ketoni ambazo ini linatengeneza kutoka kwenye mafuta wanga ukikosekana, yani kile kile ulichodhani kinaiua ndo kinainenepesha. Kwahiyo mtu akikwambia keto inatibu saratani muulize saratani ipi, na pamoja na dawa gani.

Kwa binadamu je? Keto ni ya zamani, Russell Wilder, daktari wa hospitali ya Mayo Clinic huko Marekani, aliipendekeza 1921 kwa ajili ya kifafa na mpaka leo inasaidia watoto ambao dawa zimeshindwa. Kwa saratani, mwaka 1995 wasichana wawili wenye uvimbe wa ubongo walilishwa hivo, PET ikaonyesha uvimbe umepunguza kuvuta glukosi kama asilimia 22, na mmoja alipata nafuu. Inatia moyo, lakini ni wawili. Wajerumani wakafanya jaribio kubwa kidogo, wagonjwa 50 wa saratani ya ubongo iliyorudi, nusu wakala keto na kufunga kwa siku 9 huku wakipigwa mionzi, matokeo yakatoka 2020: kwa ujumla hakuna tofauti. Wale ambao sukari ilishuka sana walionekana kwenda vizuri zaidi, ila huo ni uchambuzi uliofanywa baadae, huwezi kuujengea nyumba.

Kinachonitisha ni kukonda. Mgonjwa wa saratani mara nyingi anapoteza misuli hata akila, na akishakonda sana kemo inamshinda, kidonda hakiponi. Miongozo ya Ulaya inamtaka apate kilokalori 25 mpaka 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, protini zaidi ya gramu moja kwa kilo. Sasa mtu hana hamu ya kula, kinywa kina vidonda, kitu pekee kinachopita ni uji, halafu ndugu wanamnyang'anya uji kwa sababu ya video? Jamani! Mwenye mwili mkubwa, sukari iko juu, hajakonda, huyo anaweza kuzungumza na daktari na mtu wa lishe wapunguze wanga wakiwa wanampima. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza au anayetumia dawa za kukojoza sukari asiguse keto kienyeji, damu inaweza kujaa asidi. Na aliyeambiwa aache kemo kwanza ili chakula kifanye kazi, huyo amedanganywa.

Naona mkono pale. Dada anauliza asali je, si ni ya asili? Ni glukosi na fruktosi dada, ini haliulizi imetoka kwa nyuki au kiwandani. Ila kama mgonjwa ameshindwa kula kila kitu na kijiko cha asali ndo kinamshusha uji, mpe.