Orodha Kwanza, Ugunduzi Baadaye

Ndugu wasikilizaji, wanaonifahamu wamekwisha kunisikia nikilalamika kwamba tunawasifu wagunduzi na kuwasahau watunza orodha, na leo nitalalamika tena. Shahidi wangu ni NGC 4993, galaksi ya umbo la lenzi katika kundinyota la Hydra, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 130.

Mwanaastronomia William Herschel aliiona tarehe 26 Machi 1789 akiwa Slough, Uingereza, ambako haipandi juu sana angani. Kazi yao ilikuwa hivi: yeye darubinini akitaja anachokiona, na dada yake, Caroline, mezani akiandika, kisha akikokotoa mahali pa kila doa. Mtu ataniuliza Herschel aligundua nini, ikiwa hakujua kwamba ile ni galaksi. Swali hili hunifuata kila ukumbi, nami nimelichoka. Alituachia mahali, ili mwenye shaka aelekeze darubini yake papo hapo na kuhakiki! Mwanaastronomia Dreyer naye aliiingiza katika katalogi yake ya 1888, ambayo ndiyo hiyo NGC, tena mara mbili, maana NGC 4994 ni hiyo hiyo. Kosa hilo lilisahihishika kwa kuwa liliandikwa.

Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya LIGO na Virgo ilinasa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe, kutoka kwa nyota mbili za nyutroni, mabaki yaliyoshindiliwa sana ya nyota zilizokufa, zilizogongana. Mawimbi hayo yalitoa makadirio ya umbali na eneo la anga linaloweza kumeza zaidi ya miezi mipevu 100. Wanaastronomia waliotumia darubini ya Swope, yenye kioo cha mita 1, huko Las Campanas nchini Chile, hawakulifagia eneo lote, bali walichukua orodha ya galaksi zilizojulikana kuwa humo kwa umbali ule, wakazipiga picha kwa zamu. Katika picha ya tisa, kando ya kiini cha NGC 4993, palikuwa na nukta angavu ambayo haikuwapo katika picha za zamani: mwanga wa mgongano ule. Saa 11 zilikuwa hazijatimia tangu mawimbi yafike, na tafadhali msiniambie ilikuwa bahati.

Muda umenitupa mkono, kwa hiyo metali nzito zilizozalishwa katika mgongano huo, pamoja na miali ya gama iliyofika sekunde 1.7 baada ya mawimbi, nawaachia wenye maswali. Nitaongeza hili tu, kwamba nukta ile ilibadilika kutoka buluu kuwa nyekundu na kufifia katika siku chache, na ambaye angechukua wiki nzima kulifagia eneo lile angekuta buluu imekwisha kutoweka.