Kondo la Nyuma Halifuati Sheria za Ubongo

Mchoro wa mimba nauruka, mnaujua. Nianze na mshale mmoja wa mchoro wa homoni za kondo la nyuma, ambao wanafunzi wetu hukosea kuuchora kila mwaka, na kosa si lao.

Tumewakaririsha kwamba homoni hujidhibiti kama friji: baridi ikitosha, mashine inajizima. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo, hutoa homoni iitwayo CRH, CRH huichochea pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, pituitari huzichochea tezi za adrenali zilizo juu ya figo, kotisoli, homoni ya mfadhaiko, inapanda, kisha kotisoli hiyohiyo inarudi ubongoni kuibana jeni ya CRH. Sawa kabisa. Sasa ichukueni jeni ileile, isiyobadilika hata herufi, mkaitazame ndani ya seli za kondo la nyuma. Ipeni kotisoli. Haizimi. Inaongeza! Robinson, Majzoub na wenzao walilionyesha hili mwaka 1988: waliziotesha seli za kondo la binadamu maabarani, wakazipa deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, na RNA ya CRH, yaani nakala za jeni yake, ikapanda pamoja na homoni yenyewe. Mwaka 1988, ndugu zangu! Na bado nasahihisha mitihani yenye mshale wa kuzima.

Kotisoli ni ileile, kipokezi chake, yaani protini ya seli inayoipokea, ni kilekile. Kinachotofautiana ni protini nyingine zinazokutana na kipokezi hicho kwenye swichi ya jeni, na kila aina ya seli ina zake. Kwa hiyo swali la "homoni hii hufanya nini?" halijakamilika mpaka useme: kwenye seli ipi?

Najua kuna anayetaka kuuliza: mzunguko usiojizima, CRH ikiongeza kotisoli na kotisoli ikiongeza CRH, mbona haumlipui mama? Swali zuri, majibu yapo. Kimeng'enya ndani ya kondo hugeuza sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kuwa kotisoni isiyo na nguvu. Projesteroni, homoni ambayo kondo hujitengenezea, huibana jeni ya CRH. Ini nalo hutoa protini inayoikamata CRH kwenye damu. Wiki za mwisho protini hiyo hupungua, CRH huru ikapaa. Halafu mtoto anazaliwa, kondo linamfuata, na kiwanda chote kimeondoka. Mwaka 1995 McLean, Smith na wenzao kule Australia, baada ya kupima damu za wajawazito karibu 500, waliuita mpando huo saa ya kondo: waliojifungua kabla ya wakati walikuwa na CRH ya juu tangu miezi ya kati ya mimba.

Na tafadhali, asiniambie mtu "tujaribu kwa panya." Kondo la panya halitengenezi CRH. La binadamu na jamaa zake nyani hutengeneza.

Muda umeniishia, kama kawaida. Homoni nyingine za kondo kwa ufupi: hCG, ile inayosomwa na kipimo cha mimba, hufikia kilele kati ya wiki ya 8 na ya 11, kisha hushuka. Laktojeni ya kondo hupanda hadi mwisho, zaidi ya gramu 1 kwa siku, na hapa wapenda mambo magumu huvunjika moyo, maana sababu kubwa ni kwamba kondo limekua. Estrojeni ilistahili mhadhara wake: kondo haliwezi kuitengeneza bila malighafi ya tezi za adrenali, hasa za mtoto, na CRH ileile huzichochea tezi hizo za mtoto. Anayetaka undani anikamate mlangoni.